Kornelia na Tope la Ziwa

Kwa Kornelia, kule Bashay, watu walikuwa hawakauki. Asubuhi ungemkuta jirani anaomba chumvi. Mchana ungewakuta akina mama wamekaa mlangoni, wanachambua maharage, na midomo nayo haipumziki. Nani kaposwa Gehandu. Nani kauza ng'ombe mnadani Katesh bila mke wake kujua. Habari za kitongoji zilipita kwanza jikoni kwa Kornelia, ndipo zikaenda kwingine.

Kornelia alikuwa mjane. Watoto wake walishakua na kuondoka. Pascal, mtoto wa kwanza, alikuwa fundi pikipiki mjini Katesh. Watu walimwita Kornelia Mama Pascal. Alilala peke yake, lakini mchana hakuwa peke yake hata siku moja. Rafiki yake mkubwa alikuwa Verediana, jirani wa ng'ambo ya korongo. Wawili hao waliolewa pale mwaka mmoja, na tangu hapo hawakuachana.

Nyumba ya Kornelia iko karibu na ziwa dogo. Wazee wanasema lile ziwa lina mwenyewe. Kwa hiyo watoto hawaogi pale, na matete hayakatwi ovyo.

Kiangazi kimoja wakaja watafiti. Kiongozi wao alikuwa Judith, dada mrefu, mcheshi, mzaliwa wa Singida. Walikuwa na barua ya wilaya na muhuri wa kata. Walifunga mapipa pamoja, wakatengeneza chelezo cha kuelea juu ya maji. Kisha wakashusha bomba refu mpaka chini kabisa, wakavuta tope.

Kornelia aliwapa chumba. Akawapikia ugali, akawapa na maziwa ya mgando.

"Mwanangu," alimwuliza Judith, "mnasafiri kote huko kuja kuchukua tope? Singida hakuna tope?"

Judith alicheka. "Lipo, mama. Lakini la hapa limekaa miaka mingi bila kuvurugwa. Tunataka litueleze tabianchi ya zamani. Tukishalipima tutarudi kuwaeleza."

Kornelia hakuelewa sana, ila alifurahi. Wageni ni wageni. Jioni ile ile alimweleza Verediana. Kesho yake kitongoji kizima kilijua. Watafiti wakayafunga mabomba yao yenye tope kwenye plastiki, wakayapakia kwenye gari, wakaondoka.

Lakini kuna jambo moja lilisahauliwa. Pale Bashay, mgeni anayetaka kugusa ardhi au maji huenda kwanza kwa wazee. Anakaa, anasalimia, anasema shida yake. Judith na wenzake walipita ofisini tu. Na Kornelia, kwa furaha ya kuwa na wageni, hakuwakumbusha.

*

Mvua ilianza mapema mwaka ule. Ilinyesha siku chache, nzuri, ya kutia moyo. Watu wakakimbilia mashambani. Kila mtu alipanda mahindi shamba zima kwa mara moja, maana hakuna aliyetaka jirani amtangulie.

Kisha mvua ikakata. Mahindi yalifika magotini, yakajikunja, yakakauka. Watu wakapanda tena. Yakakauka tena. Majani ya ng'ombe yakaisha, na maziwa yakapungua.

Watu wakaanza kutafuta sababu.

Siku moja Kornelia alikwenda mashine kusaga. Aliwakuta akina mama wamekaa kwenye foleni, Verediana akiwa katikati. Walikuwa wanaongea sana. Walipomwona wakanyamaza.

"Jamani, nimewakatizia?" Kornelia alisema kwa utani. "Endeleeni, na mimi nipate."

Verediana aliangalia ndoo yake ya mahindi kama mtu anayehesabu punje.

Jioni mzee Akonaay alifika kwa Kornelia. Mzee huyu ndiye anayesikilizwa kuliko wote pale kitongojini. Hakuingia ndani. Alisimama nje, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Pascal, wazee tumekaa. Ziwa limeguswa bila ruhusa. Wageni walilala kwako na walikula kwako. Sasa mvua imefungwa."

"Lakini mzee, wale walikuwa na barua ya…"

"Mwenye ziwa hasomi barua." Mzee hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu. "Mpaka jambo hili liishe, watu hawatakuja kwako, na wewe hutakwenda kwao. Usiombe moto, usiombe chumvi. Mimi sipendi, ila ndivyo tulivyokubaliana."

Akaondoka taratibu. Kornelia alibaki amesimama pale pale mpaka baridi ya jioni ikamwingia.

*

Kutengwa si kufungwa. Mlango uko wazi, njia iko wazi, unakwenda unakotaka. Ila ukifika kisimani, wenzako wanajaza madumu haraka na kuondoka. Ukimsalimia mtoto, anamwangalia mama yake kwanza. Zamu ya sala ya jumuiya ilipofika kwa Kornelia, wanajumuiya walipitiliza kwenda nyumba ya mbele. Alisikia nyimbo zao kutoka kwake. Akaimba sauti ya pili peke yake, akichunga ng'ombe wake wawili uani.

Aliongea na kuku. Mwishoni akaona hata kuku hawana habari mpya.

Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Shamba la Kornelia lilikuwa limejaa magugu, na mikono yake miwili isingetosha. Akaamua kufanya kama zamani: kualika watu shambani. Pale kwao, mtu akitaka kulima anapika pombe ya mtama. Majirani wanakuja na majembe, wanalima asubuhi, mchana wanakunywa na kuimba.

Akamtuma mtu aliyekuwa anapita njia awape watu habari. Akapika pombe vizuri, akapika na makande ya wasiokunywa. Siku yenyewe alifagia uwanja. Akapanga viti, vigoda na ndoo za kukalia, akawa anavihamisha kila kivuli kilipohama.

Jua likapanda, na hakuna aliyekuja.

Aliwaona kwa mbali, ng'ambo ya korongo, wakilima shamba la Verediana. Walikuwa wengi. Kicheko chao kilifika mpaka kwake. Kornelia alichota pombe kidogo, akaonja. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomliza.

Pombe ilikaa mpaka ikachacha. Akawapa nguruwe.

Alimpigia Pascal simu. "Mwanangu, nimechoka."

"Mama, njoo Katesh," Pascal alisema. "Nina chumba. Funga hiyo nyumba, uza ng'ombe, njoo. Hao watu wamekufukuza, unasubiri nini?"

"Baba yako amezikwa hapa."

"Baba hawezi kukusaidia kulima, mama."

Kornelia aliwaza. Katesh hakumjua mtu mwingine. Angekaa chumbani siku nzima, akiwasubiri Pascal na mke wake watoke kazini. Upweke wa huko na wa hapa ungetofautiana nini? Lakini hapa hawezi kulima, na asiyelima hali. Alimwambia mwanawe: "Nipe mpaka masika. Nikishindwa, nakuja."

Kisha akatafuta namba ya Judith.

*

Judith alikuja na pikipiki ya kukodi. Mgongoni alikuwa amefunga kitu kirefu kama mwiko wa kusongea ugali wa harusi, kimezungushiwa plastiki na blanketi. Kornelia alimkumbatia kwa nguvu mpaka dada wa watu akashangaa.

Alimweleza yaliyotokea. Judith aliinamisha macho.

"Mama, nisamehe. Sisi ndio tuliokosea. Nitaomba ofisi ya kata iitishe mkutano. Nitakuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani…"

"Usilete mashine," Kornelia alimkatiza. "Ukiita watu ofisini, wataona umekuja kuwashtaki. Nenda kwa mzee Akonaay. Usianze na maelezo. Msalimie, kaa chini, mweleze mlivyokosea. Akikuuliza, ndipo ueleze. Na hilo tope, umelileta?"

"Nimeleta kipande chake. Vingine viko maabara."

"Vizuri. Mrudishie alione."

Walikwenda wote. Walipofika kwa mzee, Kornelia alibaki nje ya ua wa minyaa, maana haruhusiwi kuingia. Alisimama juani, akasikiliza.

Alimsikia Judith akisalimia, na mzee akiitikia. Kisha sauti ya Judith tena.

"Mzee, tuliingia ziwani bila kuja kwako. Hatukuwaheshimu. Nimekuja kuomba radhi, mimi na wenzangu. Mama Pascal hakujua tulichopaswa kufanya. Alitupa chakula tu."

"Alijua," mzee alisema. "Yeye ni wa hapa."

Nje ya ua, Kornelia aliinamisha kichwa. Ni kweli, alijua.

"Lakini wewe umekuja," mzee aliendelea. "Wengi huwa hawarudi. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Ni tope la ziwa."

Watu walikuwa wameshaanza kujaa uani. Habari haziwahi kuchelewa Bashay. Kornelia alisikia miguu, minong'ono, na sauti ya Verediana ikisema, "Sogea basi, na sisi tuone."

Kornelia alichungulia katikati ya minyaa, akamwona Judith akifungua blanketi. Ndani kulikuwa na bomba lililopasuliwa kwa urefu, kama muwa uliopasuliwa katikati. Tope lilikuwa limekaa kwa mistari: mweusi, kahawia, mweusi tena, na mahali pengine mweupe.

"Kila mwaka," Judith alieleza, "mvua inaleta udongo ziwani. Upepo unaleta vumbi la maua ya miti na nyasi. Moto wa porini unaleta masizi. Vyote vinazama na kulala chini. Mwaka unaofuata unalala juu yake. Kwa hiyo chini ya bomba ni zamani sana, na hapa juu ni juzi tu."

"Kama mtu anayetandika ngozi juu ya ngozi," mzee alisema.

"Hivyo hivyo, mzee. Sisi tunafunua moja moja. Tukikuta vumbi la maua ya miti mingi, tunajua mvua ilikuwa nyingi. Tukikuta la nyasi tupu, na masizi mengi, tunajua kulikuwa na ukame. Mabaki ya majani tunayapeleka maabara ili tujue yana umri gani."

"Na huo mstari mweupe?"

"Hapo ziwa lilikauka. Maji yalipoisha, chumvi ilibaki juu ya tope, kama inavyobaki kwenye sufuria ukichemsha maji mpaka yaishe."

Mzee Akonaay aliinama. Akapeleka kidole karibu na mstari mweupe, lakini hakuugusa.

"Babu yangu alikuwa anasema," alianza polepole, "kuna wakati ng'ombe walivuka ziwa hili kwa miguu mikavu. Watu walichemsha ngozi wakala. Sisi watoto tulidhani ni hadithi ya kututisha ili tumalize chakula."

"Inawezekana ni huu mstari wa juu, mzee. Sina uhakika, vipimo vya umri bado havijarudi. Lakini angalia chini zaidi. Mwingine huu hapa. Na mwingine huu. Hii ni ya zamani, kabla hata ya babu wa babu yako."

"Na nani alikuwa amegusa ziwa wakati huo?" mzee aliuliza.

Mzee hakuwa anamwuliza Judith. Aliwageukia watu wake, akawaangalia mmoja mmoja.

"Nauliza. Kornelia alikuwa amezaliwa?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Nani yule amesimama nje kwenye jua?" mzee alisema kwa sauti. "Mwambieni aingie. Mpeni kiti."

Kornelia aliingia. Kiti alichopewa kilikuwa cha Verediana. Verediana aliinuka bila kumwangalia usoni, akaenda kukaa chini.

*

Mazungumzo yaliendelea mpaka jioni.

"Sasa mwaka huu mmoja wa jua," mzee aliuliza, "ndiyo hiyo tabianchi imebadilika?"

"Mwaka mmoja hautoshi kusema," Judith alijibu. "Mvua ya leo au ya mwaka huu ni hali ya hewa. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, thelathini au zaidi. Ni kama tabia ya mtu. Ukimwona amekasirika leo, usiseme ni mkali. Kaa naye miaka ndipo useme."

"Na lile tope lililoshuka mlima Hanang, likaua watu Katesh?"

Judith alishusha sauti. "Tukio moja, hata likiwa la kutisha namna ile, halituambii lote. Tunachouliza ni hiki: mvua kubwa kama zile zinakuja mara nyingi kuliko zamani? Ndiyo maana hatutegemei shahidi mmoja. Tope ni shahidi mmoja. Miti ya zamani ina duara ndani ya shina, na mwaka wa mvua huacha duara pana. Barafu ya Kilimanjaro nayo imehifadhi habari zake. Halafu kuna vipimo vya mvua vilivyoandikwa misheni na ofisini kwa miaka mingi. Tunaweka yote pamoja. Mashahidi hao wakisema jambo moja, tunaamini. Wakipingana, tunarudi kutafuta."

"Na wanasema nini?"

"Ukame ulikuwepo tangu zamani, haukuletwa na mama huyu. Lakini dunia sasa inapata joto, kwa sababu ya moshi wa mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa kote duniani. Vipimo vya joto vinakubaliana kuhusu hilo. Joto likizidi, udongo unakauka haraka, na mvua ikija inaweza kuja kwa fujo. Kwa hiyo kilimo cha kubahatisha kinakuwa hatari zaidi."

"Tulie basi, au tufanye nini?" Verediana aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza aliongea tangu ampishe Kornelia kiti.

Judith alimgeukia. "Msipande shamba zima kwa mvua ya kwanza. Sikilizeni utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, unasomwa redioni. Pandeni unyevu ukishashuka vizuri ardhini. Msiweke yote kwenye mahindi. Changanyeni mtama na mbaazi, na mahindi yanayokomaa mapema. Na chimbeni matuta ya kukatiza mteremko, maji yasikimbie na udongo wenu. Bwana shamba atawaonyesha namna ya kuyapima."

Mzee Akonaay alisimama. "Matuta tutaanza kuchimba kwa nani?"

Watu waliangaliana. Mzee alijijibu mwenyewe. "Kwa Mama Pascal. Shamba lake ndilo lenye magugu kuliko yote, na kila mtu hapa anajua kwa nini."

*

Walikuja. Walichimba matuta kwa Kornelia, kisha kwa wengine. Hawakuimba sana siku ya kwanza, maana waliona aibu. Kornelia alipanda mtama na mbaazi, na mahindi sehemu ndogo. Wengi walifanya hivyo. Wachache walipanda mahindi matupu, kwa mazoea.

Masika ilikuja na kelele. Maji yaliteremka kwa nguvu, yakasimama kwenye matuta, yakaingia ardhini. Kisha mvua ikakata mapema. Mahindi mengi yalinyauka kabla ya kubeba. Mtama ulisimama. Mbaazi zilizidi kuwa kijani wakati kila kitu kinageuka rangi ya vumbi. Mavuno hayakuwa makubwa, lakini kila aliyepanda mchanganyiko alikula. Kornelia alimpigia Pascal akamwambia chumba kile ampangishe mtu mwingine.

Judith alirudi na kipima mvua, chombo kidogo cha kusimamishwa kwenye nguzo. Alisema kituo cha karibu cha hali ya hewa kiko mbali, na mvua ya Bashay haipimwi na mtu. Kinahitajika kiwanja kilicho wazi, na watu wa kusoma kila asubuhi na kutuma kwa simu.

"Kwa muda gani?" Kornelia aliuliza.

"Miaka thelathini ndiyo inaanza kusema kitu, mama."

"Mwanangu, nitakuwa nimekufa!"

"Ndiyo maana mtu mmoja hawezi. Lazima muwe wengi, na mfundishe wanaokuja nyuma."

Kipima mvua kikasimamishwa uwanjani kwa Kornelia, maana hapana mti unaokikinga. Kitongoji kikapanga zamu. Kila asubuhi mtu mmoja anakuja, anasoma, anatuma, anakwenda. Wengine walikaa kidogo, wengine hawakukaa. Watu walikuwa wamerudi, ila si kama zamani. Kornelia aliwakaribisha wote, lakini jioni bado alifunga mlango mapema.

Verediana alikwepa zamu yake mara mbili, akamtuma binti yake.

Asubuhi moja ya kiangazi Kornelia alitoka nje, akamkuta Verediana amesimama mbele ya kipima mvua, amejifunga kanga kichwani kwa ajili ya baridi. Mbingu ilikuwa safi. Vumbi lilikuwa jeupe njia nzima.

"Verediana," Kornelia alisema, "hapajanyesha wiki ngapi sijui. Ungetuma sifuri ukiwa kitandani kwako."

"Judith alisema lazima uangalie kwa macho." Verediana aliinamia chombo kwa muda mrefu, kama ndani yake kuna kitu. "Sifuri nayo inatumwa. Ukiiruka, hawatajua kama mvua haikunyesha au mtu hakuja."

"Ni kweli."

Verediana hakuondoka. Alikuwa bado ameinama.

"Ni mimi niliyeanza yale maneno," alisema. "Kule mashine. Nilisema tu kama maongezi. Sikujua litafika kwa wazee."

Kornelia alimwangalia yule mwanamke waliyeolewa naye mwaka mmoja. Alikuwa ameyapanga maneno mengi kwa ajili yake, akiwa peke yake, miezi yote ile. Akayatafuta, akaona hana haja nayo.

"Tuma hiyo sifuri," alisema, "halafu uingie ndani. Chai iko jikoni, na nasikia Joakimu wa Gehandu kaoa mke wa pili. Nimekaa na habari hiyo tangu Jumapili, sina wa kumwambia."

Verediana akageuka haraka. "Joakimu yupi? Yule wa trekta?"

"Ingia kwanza," Kornelia alisema.